Wino Unaopima: Uchapaji wa Skrini, Kutoka Fulana Hadi Stripu ya Sukari

Msimu wa kampeni, mahafali au mashindano ya mpira ukifika, vijana wa uchapaji hapa Tabora mjini hukesha wakichapa fulana. Kazi yao wengi wetu tunaifahamu kwa macho: fremu, wavu, rangi, kisha fulana zimetandazwa juani zikauke. Wasichojua wengi ni kwamba njia hiyo hiyo hutumika kutengeneza stripu ambazo mgonjwa wa kisukari huzitumbukiza kwenye mashine ndogo kila asubuhi ili ajue sukari yake imefika wapi.

Katika makala hii tunaeleza namna uchapaji wa skrini ulivyotoka kwenye kazi ya kupamba na kuingia kwenye kazi ya kupima. Tunaeleza pia kwa nini stripu iliyoachwa wazi au kuwekwa juani inaweza kukudanganya, maana hilo linamgusa moja kwa moja mgonjwa anayejipimia nyumbani, awe Ipuli, Nzega au Urambo.

UCHAPAJI WA SKRINI NI NINI?

Msingi wake ni rahisi. Unachukua fremu ya mbao au ya aluminiamu, unawamba juu yake wavu mwembamba uliokazwa sawasawa. Zamani wavu huo ulikuwa wa hariri, siku hizi ni wa poliesta. Unaupaka emalsheni, dawa inayoganda inapopigwa na mwanga. Juu yake unaweka mchoro mweusi, unauanika kwenye mwanga, kisha unaosha kwa maji. Mahali palipopata mwanga dawa hubaki imeganda na kuziba wavu. Mahali palipofunikwa na mchoro dawa huoshwa, na matundu hubaki wazi.

Baada ya hapo unaweka fremu juu ya kitambaa, unamwaga rangi, na kuivuta kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Rangi hupita kwenye matundu yaliyo wazi tu. Mchoro mmoja, fulana mia moja.

Wazo la kuchapa kwa kupitisha rangi kwenye matundu ni la kale sana katika nchi za Asia Mashariki. Mwaka 1907, Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hataza ya kutumia kitambaa cha hariri kama wavu wa kuchapia. Kutoka hapo njia hii ikaenea kwenye mabango, vitambaa, vyombo vya udongo na chupa. Viwanda vikubwa vya vitenge vilikuja kuikunja skrini ikawa kama pipa linalozunguka, kitambaa kikipita chini yake bila kusimama.

Kuna jambo moja linaloitofautisha njia hii na nyingine nyingi za uchapaji: huacha tabaka nene la wino. Mashine ya magazeti huacha wino mwembamba sana. Skrini inaweza kuacha wino ambao ukishakauka unafika mikroni kumi, ishirini au zaidi. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama sabini hivi. Unene huo unaweza kupangwa kwa kuchagua wavu: nyuzi nene na matundu makubwa hupitisha wino mwingi, nyuzi nyembamba na matundu madogo hupitisha kidogo. Mchapaji wa fulana anayajua haya kwa mazoea, maana rangi nyeupe juu ya fulana nyeusi haikolei bila tabaka nene.

WINO USIOKUWA WA KUTAZAMWA

Sasa fikiria kwamba badala ya rangi nyekundu au bluu, ndani ya wino umechanganya unga laini wa fedha, ile ile ya sonara. Ukichapa mstari kwa wino huo na ukakauka, chembe za fedha hugusana, na umeme hupita kutoka chembe hadi chembe. Umechapa waya.

Huo ndio wino unaofanya kazi, wino ambao haukuwekwa upendeze bali utende jambo. Upo unaopitisha umeme, wa fedha au wa kaboni. Upo unaozuia umeme, unaochapwa juu ya mistari ili isigusane. Upo wenye vitone vidogo vya kioo vinavyorudisha mwanga wa taa ulikotoka. Upo unaobadilika rangi ukipata joto. Na upo unaobeba kimeng'enya, yaani kemikali inayotokana na kiumbe hai.

Kila wino wa aina hii una mambo matatu ndani yake. La kwanza ni chembe zinazofanya kazi yenyewe. La pili ni gundi inayozishika chembe na kuzibandika mahali. La tatu ni kiyeyushi kinachoufanya wino utiririke wakati wa kuchapa na kutoweka wakati wa kukauka. Ugumu uko kwenye kupatanisha. Gundi ikizidi, chembe hazigusani na umeme haupiti. Gundi ikipungua, wino hupukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani.

Ugumu huongezeka kwa sababu kinachochapwa ni kitu kinachokunjika. Karatasi ya plastiki ya poliesta haivumilii joto kali, hivyo wino wake hukaushwa kwa nyuzi joto 120 hadi 150, tena kwa dakika chache tu. Juu ya hapo plastiki huanza kujikunja, na mistari huhama mahali pake. Kitambaa nacho hunyumbuka, na wino mgumu juu yake hupasuka. Mwenye fulana ambayo maandishi yake yamepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi ameona tatizo hilo kwa macho yake. Kwenye fulana ni aibu tu. Kwenye mstari wa umeme, ufa mmoja ni waya uliokatika.

MIFANO ILIYOMO NYUMBANI

Ukitaka kuona wino wa fedha, tafuta kibodi ya kompyuta iliyokufa uifungue. Nyingi zina karatasi za plastiki inayoonesha ndani, zimechapwa mistari ya kijivu inayopinda huku na kule kama barabara kwenye ramani. Unapobonyeza herufi, karatasi mbili hugusana na umeme hupita. Fungua rimoti ya televisheni, utakuta vidoa vyeusi vya kaboni.

Hata sola iliyo juu ya paa ni jamaa wa karibu. Mistari myembamba inayong'aa juu ya seli zilizo nyingi ni wino wa fedha uliochapwa kwa skrini, ingawa seli yenyewe ni ngumu, haikunjiki. Kwa hiyo nyumba ya kijijini yenye taa ya sola na rimoti ina uchapaji wa skrini mwingi kuliko duka la fulana, ila hakuna anayeusoma.

NDANI YA STRIPU YA SUKARI

Tuje kwenye stripu. Ni kipande cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, lakini kina tabaka kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Chini kabisa ni plastiki yenyewe, kwa kawaida poliesta. Juu yake, kwa stripu za watengenezaji wengi, huchapwa mistari ya wino wa kaboni, mara nyingine pamoja na wino wa fedha. Mistari hiyo ndiyo inayogusana na mashine upande mmoja na damu upande wa pili. Kisha huchapwa wino wa kuzuia umeme, ukiacha kidirisha kidogo wazi. Kwenye kidirisha hicho huwekwa kimeng'enya pamoja na kemikali ya kubeba elektroni. Juu huja tabaka la gundi lililokatwa mfereji mwembamba, na mfuniko wa plastiki uliopakwa dawa ya kuvuta majimaji. Ndiyo maana ukigusisha tone la damu kwenye ncha, stripu huinyonya yenyewe.

Damu ikiingia, kimeng'enya huishambulia sukari na kuchukua elektroni kutoka kwake. Kemikali ya kubeba huzipokea na kuzifikisha kwenye kaboni. Mashine hupima umeme huo mdogo, unaohesabika kwa sehemu za milioni za ampia, na kuugeuza namba. Sukari nyingi, umeme mwingi. Stripu nyingi za sasa zinahitaji damu chini ya sehemu moja ya milioni ya lita, na jibu hutoka kwa sekunde chache.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1962, Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani walieleza namna ya kuunganisha kimeng'enya na kipimo cha umeme ili kupima sukari. Watafiti wa Cranfield na Oxford nchini Uingereza wakaendeleza kazi hiyo, na mwaka 1987 kikaingia sokoni kifaa kilichoitwa ExacTech, chenye umbo la kalamu, kikitumia stripu zilizochapwa. Uchapaji wa skrini ndio uliowezesha stripu kutengenezwa kwa mamilioni na kutupwa baada ya kutumika mara moja. Kabla yake, kipimo cha namna hiyo kilikuwa kazi ya maabara.

KILA STRIPU IFANANE NA MWENZAKE

Hapa ndipo kazi ya mchapaji wa fulana na kazi ya mchapaji wa stripu zinapoachana. Fulana moja ikikolea kuliko nyingine, mteja anaweza asione. Stripu moja ikiwa na kidirisha kipana kuliko nyingine, namba inabadilika, na mgonjwa anayepanga kipimo cha insulini kwa kuitegemea namba hiyo anaweza kuzidisha dawa au kuipunguza.

Wazee wa Unyanyembe wangelielewa jambo hili upesi. Enzi za misafara, Tabora ilikuwa njia panda ya biashara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na nguo ndizo zilizotumika kama fedha: merikani kutoka Marekani, kaniki iliyotiwa nili. Nguo ilihesabiwa kwa mikono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka, minane ilikuwa doti. Lakini mikono ya watu hailingani. Mwuzaji mwenye mkono mfupi na mnunuzi mwenye mkono mrefu wasingekubaliana doti inaishia wapi. Kipimo ni kipimo pale tu kinapokuwa kilekile kwa kila mtu.

Stripu ni mkono wa namna hiyo. Kiwanda hulazimika kuchunga mvutano wa wavu, uzito wa wino, mwendo wa mpira, hata unyevunyevu wa chumba, ili stripu ya kwanza na ya milioni ziwe sawa. Kila toleo hupimwa na kupewa namba yake. Baadhi ya mashine, hasa za zamani, humtaka mtumiaji aingize namba ya toleo au kijichipu kilichokuja na boksi, na asipofanya hivyo majibu hupotoka.

Hata hivyo, hakuna kipimo kisicho na tofauti kabisa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu yasipishane na jibu la maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari inapokuwa 5.55 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Maana yake, sukari halisi ikiwa 10.0, mashine inayosoma 8.5 au 11.5 bado iko ndani ya kiwango. Kwa hiyo usishtuke ukipima mara mbili mfululizo ukapata 9.6 kisha 10.3. Lakini ukipata 6 kisha 13, kuna kasoro.

JOTO, UNYEVUNYEVU NA SAFARI NDEFU

Jora la merikani liliweza kubebwa begani kutoka pwani hadi Tabora, safari ya kama miezi mitatu, likanyeshewa, likaanikwa, na bado likawa nguo. Stripu hufuata takriban njia ileile, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, lakini haina uvumilivu huo.

Kaboni yenyewe ni sugu. Anayeharibika ni kimeng'enya pamoja na kemikali iliyo nacho. Joto hukivunja taratibu, na unyevunyevu huanzisha kazi kabla ya damu kufika. Ndiyo maana kichupa cha stripu kina mfuniko unaobana na dawa ya kunyonya unyevu ndani yake, na maboksi mengi yameandikwa zisihifadhiwe mahali penye zaidi ya nyuzi joto 30. Mkoa wetu uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini mwezi Oktoba joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida, na ndani ya nyumba ya bati au gari lililofungwa vioo hupanda zaidi. Mvua zikianza Novemba, zamu ni ya unyevunyevu.

Ubaya wa stripu iliyoharibika ni kwamba mara nyingi haioneshi dalili. Rangi ni ileile, umbo ni lilelile. Mashine nyingine hutambua na kuonesha alama ya kosa, lakini nyingine hutoa namba, na namba hiyo inaweza kuwa juu au chini ya ukweli. Mgonjwa anayeamini sukari yake ni 14 kumbe ni 8, akaongeza insulini, anaweza kuzimia usiku.

Tunaelewa pia kwa nini watu hufanya wanayofanya. Stripu zina gharama, na zinatumika mara moja tu. Ndugu wawili wenye kisukari hugawana kichupa kimoja: mmoja hubaki nacho, mwingine huondoka na stripu zake zimefungwa kwenye karatasi au mfuko wa nailoni. Nia ni njema, lakini stripu iliyotoka kwenye kichupa chake kwa siku kadhaa si kipimo tena. Ni heri wapime pamoja, kila mtu na sindano yake.

JIRANI YAKE: ALAMA KWENYE KICHUPA CHA CHANJO

Lipo jibu moja zuri la tatizo la kuharibika kimyakimya, nalo liko kwenye zahanati zetu. Mama anayepeleka mtoto kliniki anaweza kuona kwenye vichupa vya chanjo alama ndogo ya duara yenye mraba katikati. Wahudumu huiita VVM. Ilianza kutumika kwenye chanjo ya polio ya matone mwaka 1996.

Mraba huo umetengenezwa kwa kemikali inayokolea rangi kadiri inavyopata joto, na hairudi nyuma. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, na kichupa hakijapita tarehe yake, chanjo inatumika. Ukilingana na duara au kukolea zaidi, chanjo hutupwa. Zipo aina zinazotofautiana kwa kasi, kulingana na uvumilivu wa chanjo: kwenye joto la nyuzi 37, nyingine hufika mwisho baada ya siku 2, nyingine 7, 14 au 30. Alama hiyo haitambui chanjo iliyoganda kwa baridi, lakini kwa joto husema ukweli, na mhudumu wa kijijini haisomi kwa mashine bali kwa macho. Kichupa cha stripu za sukari kwa kawaida hakina alama kama hiyo. Mlinzi wake ni mtumiaji mwenyewe.

JE, KAZI HII INAWEZA KUFANYIKA KWETU?

Kuchapa stripu za hospitali kunahitaji vyumba vinavyodhibitiwa, maabara na vibali, na si kazi ya kuanzia uani. Lakini msingi wake hauko mbali nasi. Kaboni ya wino huu huwa na grafiti, ambayo hapa nchini tunaiita madini ya kinywe, na hazina kubwa zipo Mahenge mkoani Morogoro na mkoani Lindi.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuanza na penseli. Chagua penseli laini yenye alama 6B, chora mstari mnene kwenye karatasi, gusisha ncha za multimita kwenye miisho yake ukipima ukinzani. Namba itatokea, maana grafiti hupitisha umeme. Refusha mstari, ukinzani utapanda. Unenepeshe, utashuka. Kunja karatasi mara kadhaa na upime tena, uone kilichotokea kwenye mkunjo. Ndani ya nusu saa umejifunza somo lote la makala hii: umbo, unene na ufa ndivyo vinavyoamua kazi ya wino.

KWA ANAYEJIPIMIA NYUMBANI

Tumalizie na mambo ya kufanya. Hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako.

Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabisa kabla ya kupima. Tabora ni mkoa wa asali na maembe, na ute wa embe au asali kidoleni hupandisha namba ingawa damu yako haina tatizo. Hilo si kosa la stripu. Imepima sukari iliyoikuta.

Toa stripu moja, funga kichupa papo hapo. Usihamishie stripu kwenye chombo kingine, wala usizikate.

Andika kwenye kichupa tarehe uliyokifungua. Soma maelezo ya boksi, maana stripu nyingi zina muda wake baada ya kufunguliwa, ambao ni mfupi kuliko tarehe ya kuisha iliyochapwa.

Weka kichupa mahali pakavu penye kivuli, mbali na jiko, dirisha na dashibodi ya gari. Usikiweke kwenye friji kama maelezo hayasemi hivyo, kwa sababu kitokapo hupata umande.

Tumia stripu za mashine yako tu. Zinazofanana umbo si lazima zifanane wino.

Mwambie mhudumu kama umewahi kuambiwa una upungufu wa damu, kwani damu nyepesi inaweza kufanya namba isomeke juu kuliko ilivyo.

Na namba isipolingana na unavyojisikia, usibadilishe dawa kwa kipimo kimoja. Nawa, pima tena kwa stripu nyingine, na ukiwa bado na shaka nenda kituo cha afya na mashine yako wakulinganishie. Ila kama unatetemeka, unatoka jasho jembamba na kuona kizunguzungu, usisubiri namba: pata kitu cha sukari kwanza, kisha upime.